Sponji ya mlango wa filamu SIYO kinga ya mvua!!!

Chumvi_Makupa
Huyu muuza kamera nyote mwamjua, sina haja ya kumtaja. Nimeulizia kamera ya filamu ya kupigia picha kivuko cha Likoni wakati wa masika, mvua ya ubavuni na upepo wa chumvi. Akanitolea Canon AE-1. Kamera ya 1976, haina gasketi, ule mpira wa kuzuia maji, hata moja! Akafungua mlango wa nyuma, akabonyeza ile sponji nyeusi kwenye mfereji: “Sili ndiyo hiyo, maji hayapiti.” Kutoa kidole, sponji imemganda kama lami. Akajipangusa kwenye kaunta, akaendelea kuniuzia!

Sponji ile kazi yake ni kuzuia mwanga usiunguze filamu. Basi. Tena kwa joto na unyevu wetu huoza, na vipande vyake vikiangukia kwenye shata, lile pazia linalofunguka kuingiza mwanga, umejitafutia kazi nyingine. Mvua yenyewe hupitia shingo ya lenzi, chini ya kitufe cha kupigia, kwenye gurudumu la kasi, kwenye kishikio cha kurudishia filamu. Kamera iliyokingwa kweli ni kama Pentax LX ya 1980, Canon EOS-1V ya 2000 au Nikon F6 ya 2004. Na hizo ni za mvua na vumbi, si za kuzama.

Kidole kile kingeziba meli iliyotoboka Kilindini!

Nikamuuliza, na lenzi je? “Zote sawa.” Zote sawa vipi? Geuza lenzi, tazama ukingo wa chuma unaokaa kwenye kamera. Kama hakuna mpira mwembamba umechomoza pale, maji yataingia hata kamera iwe ya bei gani. Lenzi ya Nikon, Nikkor 50mm f/1.8D, haina mpira huo, 50mm f/1.8G inao. Canon 17-40mm f/4L inao, lakini kinga haikamiliki mpaka ufunge filta ya 77mm mbele. Anapangusa kidole huku asema zote sawa!

BandariKavu
Ulimfuata wa nini? Huyo kifuniko cha lenzi akikiona ajua ni cha chupa. Sponji hubadilishwa: lainisha kwa spiriti, kwangua kwa kijiti cha meno, na shata uifunike kwa karatasi kwanza. Kwenye mifereji hata uzi mweusi wa sufi wafaa. Mjadala mrefu wote huu kwa kidole cha mtu?

Chumvi_Makupa
Si kidole, ni kuambiwa maji hayapiti na ushahidi umemganda mkononi!

Mzamiaji_Mtwapa
Mwahangaika bure. Nikonos V ya 1984, kamera ya wapiga mbizi, mita 50 chini ya maji, mvua ni nini? Lenzi ya 35mm f/2.5 yafanya kazi nje na ndani ya maji. Msidanganywe na 28mm f/3.5, hiyo ni ya majini tu. Ukitoka baharini iloweke kwenye maji baridi yasiyo na chumvi nusu saa kabla ya kuifungua. Oringi, zile pete za mpira za kuzuia maji, zipake grisi ya silikoni kidogo tu, zing'ae. Ukizidisha yakamata mchanga, na unywele mmoja tu watosha kuingiza maji.

FundiBisibisi
Na umbali wakadiria kwa macho, kwa sababu haina cha kupimia umbali. Ukifungua lenzi yote, f/2.5, karibu na mtu utapata pua kali na masikio ukungu. Bora Nikon F100: yala betri nne za AA za duka lolote, na lenzi za G, kama ile 50mm yenye mpira, inazikubali. EOS-1V yataka betri ya 2CR5. Hebu itafuteni hiyo Jumapili jioni, mje mniambie!

BandariKavu
Betri afadhali. Mwenye kusafisha filamu pale mjini, mwamjua naye, amekata negativu katikati ya fremu! Fremu haziko mahali pamoja kila roli. Mtu aiweke kwenye meza yenye mwanga, atafute ule mstari mtupu, ndipo akate sita sita.

Mzamiaji_Mtwapa
Yangu aliikunja ikiwa mbichi. Yote imegandana.

FundiBisibisi
Na mikwaruzo mirefu kutoka mwanzo wa roli hadi mwisho? Huyo apitisha vidole kukamua maji na mchanga ukiwa juu yake. Mwambieni atie tone la dawa ya kuteleza kwenye maji ya mwisho, aitundike na kibanio chini, asiiguse mpaka ikauke.

BandariKavu
Ulimwambia wewe akusikie?