Winchi ya nanga inashusha vizuri lakini haipandishi: je, mota imekufa?

Baharia Mgeni

Habari zenu mabaharia na mafundi. Boti yangu ina winchi ya nanga ya umeme wa volti 12, yenye mota ya wati 1,000 na swichi mbili za mguu zilizoko omo, yaani mbele ya boti. Kushusha nanga hakuna taabu yoyote. Nikikanyaga swichi ya kupandisha, solenoidi (swichi kubwa ya sumaku inayopeleka umeme kwenye mota) inalia "tak", gurudumu la mnyororo linazunguka robo kwa unyonge, kisha linasimama. Hata nikiendelea kukanyaga hakuna kinachobadilika, na breka ya umeme ya ampea 100, inayokata umeme ukizidi, haifyatuki. Nimepima kwenye solenoidi kwa multimita nikapata volti 12.6, ndipo nikakata shauri kwamba mota imekufa. Kabla sijaagiza nyingine, naomba mnisahihishe.

Fundi wa Zamu

Ndugu, usiagize kitu bado. Volti 12.6 hizo ulizipima swichi ikiwa imekanyagwa? Kama haikukanyagwa, kipimo hicho hakina maana kubwa, kwa sababu kebo iliyoliwa na kutu ikabakiwa na nyuzi mbili tatu huonyesha volti zote pale ambapo hakuna ampea zinazopita, mithili ya bomba lililojaa tope ambalo presha yake huonekana kamili mpaka mtu afungue koki.

Kilichonivutia zaidi ni hiyo breka. Mota iliyokwama huku inapata umeme wake wote huvuta ampea nyingi mno, na breka ya 100 ingekuwa imefyatuka baada ya muda mfupi. Yako imetulia, maana yake ni kwamba kuna mahali umeme unazuiwa kabla ya kuifikia mota, au ndani ya mota yenyewe kwenye brashi za kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka.

Mwenzako akanyage swichi kwa sekunde tatu tu, mikono na nguo zikiwa mbali na mnyororo, nawe upime kipande kwa kipande: kutoka chanya ya betri hadi solenoidi inapopokea umeme, kisha kati ya nati ya kuingilia na nati ya kutokea za solenoidi, kisha kutoka solenoidi hadi mota, na vivyo hivyo upande wa hasi, ambao watu wengi huusahau. Weka ncha za multimita juu ya bolti yenyewe, si juu ya kichwa cha kebo, ili kiungo nacho kihesabiwe. Mimi hukubali upotevu wa volti 1.2 kwa njia nzima. Ukizidi hapo, umeshapata mgonjwa wako.

Mzee wa Tezi

Naafikiana na Fundi, ila nina nyongeza. Usidanganywe na wepesi wa kushusha, kwa kuwa uzito wa nanga na mnyororo wenyewe husaidia kuvuta kuelekea chini, hivyo hata mota dhaifu huonekana nzima. Nimekutana na brashi za kaboni zilizoganda ndani ya vishikio vyake kwa unga wa kaboni uliochanganyika na unyevu, na dalili zake zilikuwa karibu na hizi zako. Mtu akiwa amekanyaga swichi, gonga ganda la mota polepole kwa mpini wa mbao. Ikishtuka na kuzunguka, fungua uziangalie brashi. Nasema polepole kwa sababu mota nyingi za aina hii zina sumaku zilizogandishwa kwa gundi ndani ya ganda, na nyundo huzivunja.

Baharia Mgeni

Ahsanteni. Kugonga hakukuleta mabadiliko yoyote. Vipimo vya wakati wa kukanyaga swichi ya kupandisha ni hivi: betri volti 12.3, kwenye mota 7.9. Kebo za upande wa chanya zinapoteza 0.4, za upande wa hasi 0.3, na solenoidi peke yake 3.7. Nikikanyaga swichi ya kushusha, solenoidi hiyohiyo inapoteza 0.2 tu.

Fundi wa Zamu

Basi mota haina kosa. Solenoidi yako ina jozi mbili za migusano, yaani shaba zinazogusana ili kupitisha umeme, moja kwa kila upande, na jozi ya kupandisha imeungua. Ule mlio wa "tak" unathibitisha kwamba swichi na koili (waya wa sumaku ya solenoidi) vinafanya kazi, lakini hausemi lolote kuhusu shaba iliyoko ndani. Ukitaka uhakika zaidi, toa uzito wa mnyororo, legeza klachi inayounganisha mota na gurudumu la mnyororo, kata umeme, kisha badilishana kebo mbili za mota: swichi ya kushusha ikiendesha mota kwa nguvu kuelekea juu, hakuna ubishi tena. Zirudishe mara moja, maana swichi zilizogeuzwa zinaweza kumkata mtu kidole.

Baharia Mgeni

Nimefanya hivyo, na mota imezunguka kwa nguvu. Nimeifungua solenoidi nikakuta sahani ya shaba ya upande wa kupandisha ni nyeusi tii, imetoboka vishimo, na pembeni kuna kijipunje cha shaba iliyoyeyuka. Je, nipige msasa?

Mzee wa Tezi

Msasa utakufikisha bandarini, lakini sahani ikishapoteza usawa wake itaungua tena upesi. Nunua solenoidi mpya, na uifunge nje ya chumba cha mnyororo, kwani humo ndani chumvi haikauki. Nina swali moja: wakati wa kung'oa nanga, huwa unaisogeza boti kwa injini, au unaiachia winchi iivute?

Baharia Mgeni

Nakiri kwamba nimekuwa nikiiachia winchi, hata upepo ukiwa mkali.

Mzee wa Tezi

Hapo ndipo shaba ilipoungulia. Sogea kwa injini taratibu mpaka mnyororo ulegee, ndipo ukanyage. Nanga ikishika chini, funga mnyororo kwa kamba sitahani na uing'oe kwa injini, winchi ikiwa imepumzika.