Safari ya uprofesa wa sheria za usalama wa taifa kwa aliyeko visiwani

Kijana wa Wete ameuliza:

Assalaam aleikum. Nimemaliza shahada ya kwanza ya sheria na kwa sasa najishikiza katika ofisi ya wakili mmoja mjini Unguja, lakini hamu yangu ni kufundisha na kuandika juu ya sheria za usalama wa taifa. Nyumbani hawaifurahii fikra hii: mama anachelea majirani watasema nimeingia Usalama, na baba anaona hayo ni mambo ya wanajeshi. Naomba wenye uzoefu wanieleze safari hiyo ikoje, na kama inawezekana bila ya kwenda nje.

Mhadhiri Mkongwe amejibu:

Waaleikumu salaam, mwanangu. Ngazi ni zile zile za fani yoyote chuoni: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, kisha profesa, na anayepanda ni mwenye machapisho. Penye uzito ni kwamba usalama wa taifa hausimami peke yake. Ni katiba, jinai, mwenendo wa kesi na haki za binadamu zikikutana pamoja, na hapo Mzanzibari ana hazina kubwa. Soma hukumu ya Mahakama ya Rufaa ya Novemba 2000 katika kesi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17, waliokuwa wameshitakiwa kwa uhaini, ambapo majaji walisema kosa hilo haliwezi kutendwa dhidi ya Zanzibar kwa sababu mamlaka ya dola ni ya Jamhuri ya Muungano. Kisha chukua mabadiliko ya 10 ya Katiba ya Zanzibar ya 2010, yanayoitaja Zanzibar kuwa miongoni mwa nchi mbili zinazounda Muungano, ujiulize kama hoja zile zingesimama vile vile leo. Ziangalie pia Idara Maalum, yaani vikosi vya Serikali ya Zanzibar, KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo) na JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi) zikiwemo, ambazo zimo katika Katiba ya Zanzibar ilhali ulinzi na usalama ni jambo la Muungano. Tasnifu ya uzamivu imo humo, tena zaidi ya moja, na sioni haja ya kuifuata Ulaya.

Wakili wa Chake amejibu:

Namuunga mkono Maalim, isipokuwa kwa hilo la mwisho, kwani nje mtu huona pia namna wasomi wa fani hii wanavyoingia serikalini na kutoka. Marekani, John Yoo, profesa wa sheria, akiwa katika ofisi ya ushauri wa kisheria ya Wizara ya Sheria, alishiriki mwaka 2002 kuandika rai ya kisheria iliyofungua mlango wa mahabusu kuteswa. Jack Goldsmith, naye msomi wa sheria, alipoongoza ofisi hiyo hiyo aliiondoa rai ile mwaka 2004, akajiuzulu, akaenda kufundisha Harvard. Siku utakapoitwa kwenye kamati ya serikali, na ukiijua kazi utaitwa, kilicho muhimu ni uwe umeshaandika msimamo wako hadharani kabla ya hapo.

Kijana wa Wete:

Nashukuru sana, wazee wangu. Je, utafiti wenyewe hauniingizi hatarini?

Wakili wa Chake:

Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inaadhibu kupokea na kutoa taarifa za siri, kwa hiyo waraka wenye muhuri wa siri usiupokee hata ukiletewa na rafiki. Gazeti Rasmi, kumbukumbu za Baraza la Wawakilishi na hukumu zilizomo bure katika tovuti ya TanzLII zinakutosha kwa miaka mingi.