Darasa lililopakana na mashine ya kusaga: je, trei za mayai huzuia kelele?

Mwalimu wa Awali, Tanga
Habari zenu, ndugu. Darasa letu la awali limepakana na mashine ya kusaga nafaka. Ukuta unaotutenganisha ni wa tofali za saruji, haujapigwa plasta, na juu yake, chini ya mabati, pameachwa uwazi wa kupitisha hewa. Mashine inapounguruma, watoto hawawezi kutofautisha "ba" na "pa", nami naumia kwa sababu huu ndio umri wao wa kujifunza kusoma. Muuza mayai amejitolea kutupatia trei bure. Je, tukizibandika ukutani zitasaidia? Kama hazifai, ni mabaki gani mengine ya bei nafuu tunayoweza kutumia?

Fundi Mwashi
Mwalimu, trei hizo zisikupotezee muda. Kinachozuia sauti isipenye ni uzito, na trei ya karatasi ni nyepesi mno. Hupunguza kidogo tu mwangwi wa sauti nyembamba ndani ya chumba, ilhali ngurumo ya mashine hupita kana kwamba hakuna kitu. Ukuta wenu wa tofali tayari ni mzito, na kasoro kubwa iko pale juu: uwazi ukiwa asilimia 1 tu ya eneo la ukuta, kelele haitapungua zaidi ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 20 hivi, hata ukuta uwe mnene namna gani. Jengeni mpaka kwenye mabati, kisha pigeni plasta, kwa kuwa tofali za saruji zina vitundu vinavyopitisha sauti.

Mwalimu wa Awali, Tanga
Joto la hapa je? Tukiziba, watoto watapata hewa wapi?

Fundi Mwashi
Tobozeni matundu ya hewa kwenye ukuta wa upande wa pili, juu na chini, ili hewa ya moto itoke na ya baridi iingie.

Seremala wa Pangani
Naafikiana na fundi, ila mabaki nayo yana kazi yake. Hata mkishaziba, sauti itakayobaki, pamoja na ya watoto wenyewe, itadunda kwenye kuta ngumu na kuvuruga maneno ya mwalimu. Huko kwenu makumbi ya nazi, nyuzi fupi za katani na vipande vya vitambaa vya mafundi cherehani havikosekani. Tengenezeni fremu za mbao zenye kina cha sentimita 5, zijazeni bila kushindilia, kwa maana sauti hufifia inaposuguana na hewa iliyo katikati ya nyuzi, kisha zifunikeni kwa gunia. Makumbi yakaushwe kabisa, yasije yakaota ukungu. Mwombeni pia mwenye mashine aweke vipande vya matairi chakavu chini ya miguu ya mashine ili mtikisiko usipite sakafuni.

Mkaguzi wa Majengo
Ndugu zangu, vitu hivi vyote huwaka, na humo wamo watoto. Mwaka 2013, katika ukumbi wa muziki wa Kiss mjini Santa Maria, Brazil, sponji iliyowekwa darini kuzuia sauti ilishika moto, moshi wake wenye sumu ukaenea upesi, na watu 242 wakafariki. Kwa hiyo sponji ya magodoro msiitumie kabisa. Fremu za makumbi ziwe chache, zikae mbali na mlango, soketi na nyaya za umeme, wala zisiwekwe darini; na kabla ya kuzitundika, chomeni kipande kimoja nje muone moto unavyokwenda. Ukisambaa haraka, bakini na plasta na matofali.