Mashine ya kushtua moyo mnaifungia ofisini ya nini?

Wakuu nisameheni nitaandika ndefu, hili limenikaa kooni tangu wiki iliyopita.

Kwenye jengo tunalofanyia kazi kuna AED, ile mashine ya kushtua moyo uliosimama ghafla, ilinunuliwa mwaka juzi wakubwa wakapiga nayo picha basi ikaishia hapo. Jumanne mwenzetu kaanguka kwenye ngazi, anakoroma ile pumzi ya kukatika katika, huyu anasema kifafa, yule anasema mpeni maji, mimi nikaanza kumkandamiza kifua huku napiga kelele leteni mashine leteni mashine, watu wananitazama tu hawajui mashine gani. Kumbe iko ndani ya ofisi ya meneja, mlango umefungwa, meneja yuko likizo na funguo kaondoka nazo!

Mlinzi, na wala simlaumu, ananiambia kaka mimi ile alama ya moyo wenye radi nilijua ni hatari ya umeme tusiguse. Hakuna aliyewahi kumwambia. Mpaka mlango unavunjwa dakika zimeshapita kumi na kitu, nafungua pakiti ya pedi zake, zile za kubandika kifuani kupitisha umeme, tarehe imekwisha, gundi imekauka, nazibandika kifuani zinabanduka. Tumemzika Ijumaa.

Moyo ukishasimama hivyo, kila dakika inayokwenda bila mshtuko nafasi ya kupona inashuka kama asilimia 7 hadi 10 ikiwa hakuna anayekandamiza kifua, na hata ukikandamiza bado inashuka kama asilimia 3 hadi 4. Zidisheni wenyewe kwa kumi.

Halafu jana uongozi unatuandikia eti mashine hizi hazina faida ukilinganisha na gharama, pedi mpya hawanunui. Jamani! Ingeleta faida gani ikiwa kabatini? Chicago kwenye viwanja vya ndege walizitundika wazi ukutani, ukitembea haraka unaifikia ndani ya sekunde 60 hadi 90, na kwenye hesabu yao ya 1999 hadi 2001 kati ya watu 11 waliorudishwa uhai, 6 waliokolewa na watu ambao hawajawahi kufundishwa wala kuigusa hiyo mashine. Kwa sababu yenyewe inaongea, inakuambia bandika hapa, sogeeni mbali, bonyeza, na kama moyo hauhitaji mshtuko haipigi, kwa hiyo habari ya kuogopa utamuua mtu haipo kabisa.

Sikatai, wengi huangukia nyumbani na huko mashine ya ukutani haiwafikii, ndiyo maana kukandamiza kifua kila mtu afundishwe, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukatisha. Lakini sisi tulikuwa nayo. Ghorofa moja tu chini yetu!

Nimeshaandika barua, nataka itundikwe mapokezi bila kufuli, pedi na betri ziwe na mtu wa kuzikagua kila mwezi, na walinzi na wafagizi wafundishwe kabla ya mameneja maana wao ndio wapo saa zote. Sijajibiwa.

Nyie huko kazini kwenu iko wapi, na funguo anayo nani? Nendeni mkaangalie na tarehe ya pedi leo leo, mrudi mniambie.