Mrejesho: lile swali la epsiloni na sharti linalobaki hewani

Wakuu, mrejesho kutoka Kigoma, umeme umerudi sasa hivi. Niliuliza εy'' + y' + y = 0, y(0)=0, y(1)=1, ε ni namba ndogo sana, ukiweka ε=0 inabaki daraja la kwanza, sasa masharti mawili yanakaaje. Yule mkuu aliyeniambia "panua pale sifuri" kamaliza kazi. Nje, yaani mbali na 0, unapata y = e^(1−x), hiyo inaridhisha x=1 tu, alafu karibu na 0 unaweka X = x/ε mlinganyo unakuwa Y'' + Y' = 0, Y = A(1 − e^(−X)), na A unaipata kwa kulazimisha ya ndani X ikienda mbali ikutane na ya nje x ikikaribia 0, so A = e. Jumlisha, toa e ya pamoja: y ≈ e^(1−x) − e^(1−x/ε). Kwa ε=0.01, x=0.05 inatoa 2.567, jibu kamili 2.591. Safi sana!

Ndo mambo ya Prandtl 1904 haya, yule mwanafizikia Mjerumani aliyeleta wazo la tabaka jembamba la mpakani, maji yanayogusa ubavu wa boti pale Kibirizi yanaenda na boti, mnato unatawala kwenye tabaka jembamba tu. Ila kwenye bati bapa unene unaenda na 1/√Re (Re ni namba ya Reynolds, inakua mnato ukiwa mdogo), sio 1/Re kama huu mfano wangu ambapo ε inakaa mahali pa 1/Re, coz mnato unapingana na mtiririko unaopita sambamba na ukuta. Mwenye swali lenye tabaka katikati, sio pembeni, atupie.