Kufunga milango ya basi la shule lililogeuzwa nyumba: wa mbele wa hewa na wa dharura wa nyuma

Msafiri_Ohio

Wakuu, heshima kwenu. Ninageuza basi la shule kuwa nyumba ya kusafiria, niko hapa Ohio. Ni International CE ya 2006, injini mbele, breki za hewa. Viti vimeshatoka, usajili umeshabadilishwa kuwa motohomu. Kilichobaki kunisumbua ni milango.

Mlango wa mbele una mabawa mawili yanayofunguka kwa nje, kila bawa limening'inia kwenye nguzo yake, na unaendeshwa kwa hewa. Tangi likiwa na hewa unabana vizuri. Basi likikaa siku kadhaa hewa inaisha, na hapo mtu yeyote anaweza kupenyeza vidole kwenye mpira wa katikati akavuta mabawa yote mawili. Hakuna tundu la ufunguo popote.

Nyuma kuna mlango wa dharura wenye mkono ndani na mkono nje. Ndani kuna komeo dogo la kusukuma lililotoka nalo kiwandani. Nikilifunga, mkono wa nje haufanyi kazi, ambacho ndicho ninachotaka. Lakini basi nalo haliwaki! Ufunguo unazunguka, taa za dashibodi zinawaka, stata kimya. Nikirudisha komeo, linawaka mara moja.

Naomba kujua mambo matatu: hili la stata ni ubovu au ni nini? Mlango wa mbele niufungeje kwa ufunguo? Na ule wa nyuma niuache, niuwekee kufuli, au niuzibe kabisa?

---

FundiVyuma

Mkuu, basi lako halina ubovu. Kanuni ya usalama ya shirikisho huko Marekani, FMVSS 217, inataka basi la shule lisiwake kama mlango wowote wa dharura umefungwa kwa namna ambayo aliye ndani au nje hawezi kuufungua kwa mkono wake wa kawaida. Pale kwenye komeo, chungulia nyuma ya kibati chake: utakuta swichi ndogo yenye waya mbili. Komeo likifungwa, swichi inakata umeme unaokwenda kwenye rilei ya stata (swichi ya umeme inayoiwasha). Kuna mabasi ambayo swichi hiyo inaamsha na kengele ya dashibodi pia.

Wengi wakifika hapo wanaunganisha zile waya mbili moja kwa moja ili stata ifanye kazi muda wote. Usifanye hivyo. Ukiiacha ilivyo unapata faida mbili. Kwanza, hutaendesha basi huku mlango wa nyuma umefungwa bila wewe kujua. Pili, umepata kizuizi cha wizi bila kununua chochote: mtu akivunja mlango wa mbele akaingia na ufunguo wa kubambanya, basi haliwaki mpaka ajue kuna komeo kule nyuma. Ukijenga ukuta wa mbao kufunika komeo, hapo ndipo unapojitafutia balaa, kwa hiyo acha nafasi ya mkono kulifikia na kidirisha cha kukagua zile waya.

Kama siku moja stata itakuwa kimya hata komeo likiwa wazi, anza na swichi hiyo kabla hujafungua stata. Weka mita kwenye ncha zake: komeo likiwa wazi, upinzani uwe karibu na sifuri. Ikisoma kwamba saketi imekatika, mara nyingi ni kutu au kile kibonyezo kimekwama kwa vumbi la mbao, na vumbi la mbao kwenye kazi kama yako halikosekani.

Sasa mpangilio mzima. Ukishakuwa na komeo la ndani nyuma, huhitaji ufunguo wa nje kule. Unafunga nyuma ukiwa ndani, unatoka mbele, unafunga mbele kwa ufunguo. Mlango mmoja tu wa ufunguo katika basi zima. Pesa na chuma chako viweke hapo.

---

Nyundo

Ule wa nyuma chomelea kibati tu, kaka. Kona nne, sentimita tano tano za weldi, hakuna atakayeufungua maisha yake yote. Unapata na ukuta mzuri wa kuegemeza kitanda.

---

FundiVyuma

Nyundo, hapa nakupinga moja kwa moja. Angalia ramani ya karibu kila basi lililogeuzwa: kitanda kiko nyuma, jiko la gesi liko katikati au karibu na mlango wa mbele. Moto ukianzia jikoni saa nane usiku, unakaa kati ya aliyelala na mlango wa mbele. Njia yake ni ule wa nyuma, hana nyingine. Hata kiwango cha NFPA 1192 (NFPA ni shirika la Marekani la kujikinga na moto) kinachohusu nyumba za magari kinadai njia ya pili ya kutokea iliyo mbali na ile ya kwanza. Madirisha ya basi la shule yale ya kushusha nusu hayampitishi mtu mzima haraka.

Kipimo changu cha kila kifungio kwenye basi la kulala ni hiki: kifunguke kutoka ndani kwa mkono mmoja, gizani, bila ufunguo. Kikishindwa hapo, hakifai hata kiwe kigumu namna gani. Hii inaondoa kufuli lolote linaloning'inia upande wa ndani, na inaondoa vitasa vyenye tundu la ufunguo pande zote mbili.

Kinachostahili kuongezwa nyuma ni upande wa bawaba. Mlango wa dharura unafunguka kwa nje, na bawaba zake ziko nje zinaonekana. Mwizi mwenye grinda ya betri anakata pini za bawaba na kuchomoa mlango upande huo, komeo lako likiwa limefunga vilevile. Dawa ni pini mbili za chuma za milimita 10, moja juu, moja chini, zifungwe kwenye ukingo wa mlango upande wa bawaba, zitokeze kama milimita 15. Toboa fremu mkabala nazo, matundu ya milimita 12. Mlango ukifungwa pini zinaingia zenyewe kwenye fremu. Ukate bawaba usikate, mlango hautoki. Zipake ncha grisi kidogo na uzichonge ziwe butu kidogo mbele, la sivyo zitagonga ukingo wa tundu mlango unapopinda njia.

---

Bawaba

Naingia kwenye mlango wa mbele, maana huo ndio wenye kazi.

Kuna wanaofunga kishikio cha kufuli kwa nje, sahani mbili zinazokutana katikati ya mabawa, na kufuli la duara lisilo na pingu inayoonekana, lile la inchi 2 na 7/8. Kwa basi lililoegeshwa uani linatosha. Kwa basi la kulala lina kasoro kubwa: ukiwa ndani huwezi kulitumia, na mtu mbaya akipita usiku akatumbukiza kufuli lake au hata bolti kwenye kishikio, amekufungia. Ukikiweka, basi ni cha kuegeshea tu, na ukilala hakikisha kufuli lako lenyewe limefungwa kwenye sahani moja ili zile mbili zisiweze kukutana.

Njia ya kudumu ni kuunganisha mabawa mawili yawe mlango mmoja unaoning'inia kwenye nguzo ya mbele. Usijaribu kuacha bawa moja limefungwa kama geti la mabawa mawili ukapita kwenye jingine. Kila moja lina upana wa sentimita 30 na kidogo, hupiti hata na mfuko wa soko.

Anza na hewa. Weka kabari kwenye matairi, toa hewa kwenye matangi yote. Chomoa pini inayounganisha silinda ya mlango na fimbo za mabawa, toa silinda. Mrija uliokuwa unailisha uzibe kwenye vali ya mlango, kwa plagi ya mirija ya breki ya kipenyo hichohicho. Kukunja mrija na kuufunga waya hakukubaliki, hewa hiyo inatoka kwenye mfumo mmoja na breki. Kisha washa injini mpaka kompresa ikate, kawaida karibu psi 120 hadi 130 (psi ni kipimo cha shinikizo la hewa), zima, achia breki ya kuegesha (kabari bado ziko palepale), na utazame geji. Gari moja lisilo na tela lisipoteze zaidi ya psi 2 kwa dakika. Ikishuka zaidi, maji ya sabuni kwenye kila kiungo ulichogusa.

Kabla hujatoa mabawa, pima tundu la mlango: upana juu, katikati na chini, halafu mishazari yote miwili. Tundu la basi haliwi mstatili kamili. Mlango mpya unafuata kipimo kidogo kuliko vyote, ukiacha milimita 5 kila upande. Nafasi hiyo ni ya lazima kwa sababu bodi ya basi inajipinda. Ukiegesha gurudumu moja kwenye kifusi, kona ya tundu inahama, na mlango uliobanwa sana unakwama ukiwa ndani.

Mabawa yalaze juu ya meza, toa mpira wa katikati, yabane kwa klampu, halafu yaunganishe upande wa ndani kwa vipande vitatu vya chuma bapa cha 40 kwa milimita 5: juu, chini na usawa wa kitasa. Fremu za mabawa mengi ni aluminiamu, kwa hiyo tumia bolti za M6 (kipenyo cha milimita 6) na nati zenye nailoni. Kati ya chuma na aluminiamu weka tepu ya butili au rangi nzito. Chumvi ya barabarani ya Ohio wakati wa baridi itaila aluminiamu palipogusana na chuma kitupu. Vichwa vya bolti vinavyobaki nje viwe vya mviringo visivyo na mfereji wa bisibisi.

Bawaba: ndefu ya mfululizo ya chuma kisicho na kutu, urefu wa mlango mzima, bolti kila sentimita 10 hadi 12. Iwe nguzo ya mbele, siyo ya nyuma. Kitasa kikiachia ukiwa barabarani, upepo unausukuma mlango kurudi. Ukiuning'iniza nyuma, upepo unauchukua na kuutupa ubavuni mwa basi. Weka na mkanda wa kuuzuia usipite nyuzi 90, la sivyo utakuwa unagonga mkono wa kioo cha kulia.

Kitasa nunua kile cha milango ya karavani chenye vitu viwili kwenye kasha moja: kilimi cha kujifunga na ulimi mzito wa ufunguo, ndani kinazungushwa kwa kidole. Tundu lake la kawaida ni inchi 2 na 3/4 kwa 3 na 3/4, nacho kimetengenezwa kwa mlango wenye unene wa inchi moja na nusu. Bawa la basi ni jembamba zaidi, kwa hiyo jazia ndani kwa plaiwudi ya baharini mpaka ufike unene huo, na usikate tundu kabla hujajaza.

Pale ulimi unapoingia kwenye nguzo ya nyuma, toboa tundu refu kwenda juu na chini, milimita 3 za ziada kila upande, na nyuma yake funga sahani ya chuma ya milimita 3 iliyoshikwa na bolti nne zinazopita nguzo nzima. Hapa ndipo milango mingi inaposhindwa: kitasa kizuri, lakini ulimi umeingia kwenye bati jembamba linalokunjwa kwa bisibisi ndefu. Bolti zote zitie gundi ya nyuzi ya bluu, mtikisiko wa dizeli unazilegeza.

---

MamaKaravani

Kabla hamjamaliza bati lote la mjini kwenye milango miwili, tazameni juu. Vifuniko vya dharura vya paa vina mkono wa nje pia, maana kanuni inataka wafungue wa ndani na wa nje. Mtu akipanda ngazi ya nyuma au kwenye boneti, anaingia. Kaka Msafiri, toa mkono wa nje tu, ziba tundu la mhimili wake kwa sahani na silikoni, mkono wa ndani uuache. Na dirisha la dereva, kikomeo chake ni plastiki: kata ufito wa mbao uukalishe kwenye reli yake ya chini, halitelezi tena.

Wenye basi la injini nyuma wasidanganyike na maelezo ya hapo juu. Hao hawana mlango wa nyuma; wana mlango wa dharura ubavu wa kushoto na dirisha kubwa la kusukuma nyuma. Wengi wanajenga kabati au bafu mbele ya ule wa kushoto bila kufikiri.

---

Msafiri_Ohio

Nawashukuru sana. La mwisho: mlango wa mbele una vioo vikubwa juu mpaka chini. Si atavunja kioo aingize mkono azungushe kile cha kidole? Nikiziba kwa bati?

---

Bawaba

Usizibe vyote. Kupitia vioo hivyo ndipo dereva anapoona kioo cha kulia na ukingo wa barabara, hasa kile cha chini unapokata kona. Pachika polikaboneti ya milimita 6 upande wa ndani wa kioo kilichopo, iliyopakwa dawa ya kuzuia mikwaruzo. Matundu ya skrubu yawe makubwa kuliko skrubu kwa milimita 2, kwa sababu polikaboneti inatanuka juani na ikibanwa itapasuka kuanzia tundu. Usiisafishe kwa dawa ya vioo yenye amonia, inafifia. Kioo kikivunjwa, polikaboneti inabaki, na kidole cha kitasa hakifikiki.

Kwa nyuma fanya hivyohivyo, au pima kutoka kioo cha mlango mpaka komeo: likiwa zaidi ya sentimita 75, mkono haufiki, acha kama lilivyo.