Tupeane uzoefu: usiku wa kuzaliwa Krishna, nyumbani kwenu mnafanyaje?

Binti Chumbageni

Jai Shri Krishna kwa wenzangu, na salamu kwa ndugu wa dini zote.

Mwaka huu wa 2025 Janmashtami, sikukuu yetu Wahindu ya kuzaliwa mungu wetu Krishna, inaangukia Jumamosi, 16 Agosti, na kwa mara ya kwanza ibada ya nyumbani iko mikononi mwangu. Mama alifariki Machi mwaka jana, kwa hiyo Agosti ile hatukusherehekea, tulikuwa msibani. Ameniachia Lalji wake, yule Krishna mtoto wa shaba anayetambaa huku mkono mmoja umeshika donge la siagi. Kimo chake hakizidi kidole changu cha kati. Mama alimwogesha na kumvisha kila asubuhi tangu mimi sijazaliwa.

Usiku wenyewe ulikuwa hivi. Kutwa nzima watu wazima wamefunga: hakuna nafaka, hakuna dengu, chumvi ni ile ya mawe tu. Tulikula viazi, karanga, matunda, na muhogo wa kuchemsha, maana tuko Tanga na muhogo ni mzizi, si nafaka. Jioni baba alifunga susu dogo la mbao sebuleni na sisi watoto tukalipamba kwa asumini. Ikikaribia saa sita usiku taa za umeme zinazimwa, inabaki moja ya samli. Hapo mama anamweka Lalji kwenye bakuli, anammwagia maziwa, kisha mtindi, samli, asali na sukari, vitu vitano, kidogo kidogo, huku akimkinga uso kwa kiganja kama mtoto mchanga asiingiwe na maji puani. Anamsuuza kwa maji ya vuguvugu, anamkausha, anamvika nguo, kitaji chenye unyoya wa tausi, anamlaza susuni. Saa sita ikigonga kengele inalia, taa zote zinawashwa, na kila mtu ndani ya nyumba, hata mgeni, anavuta kamba ya susu kwa zamu.

Haya nimeyaona miaka thelathini na kitu lakini sijawahi kuyafanya. Panjiri, kile chakula kitamu cha ibada ya usiku ule, mama alipima kwa mkono, hakuandika popote. Watoto wangu hawawezi kukesha. Nawaomba mniambie mnavyofanya nyumbani kwenu hasa. Kanuni za vitabuni ninazo.

Mama Makupa

Pole sana na msiba, mwanangu. Mimi niko Mombasa, nimeolewa kwenye nyumba ya Wagujarati wenzetu, na hii itakuwa Janmashtami yangu ya 38 katika jiko hili.

Usisahau kwamba kazi haianzi Jumamosi. Alhamisi ni Chhath, siku ya kupika. Tunapika vya siku mbili: thepla za majani ya uwatu, puri, sukhdi ya unga wa ngano na sukari guru. Usiku jiko linasafishwa, linapakwa kumkum, ule unga mwekundu wa ibada, linalala. Ijumaa ni Satam, moto hauwashwi hata wa chai, tunakula vya baridi kwa heshima ya mungu wa kike Shitala Mata, ambaye mabibi zetu walimwomba awakinge watoto na ndui. Mwaka wangu wa kwanza niliamka alfajiri, nikawasha jiko kwa mazoea nichemshe maziwa. Mama mkwe akaja, akazima, akalifuta, akalipaka kumkum upya, akaniambia nikapumzike. Hakusema lingine, na hakuwahi kulitaja tena mpaka anaondoka duniani. Nami wakwe zangu nawafundisha hivyohivyo, bila kelele.

Panjiri: unga wa giligilani vikombe viwili, samli nusu kikombe, moto mdogo mno. Usiondoke. Ikianza kunukia, epua, kwa sababu sufuria yenyewe inaendelea kuikaanga, na ukingoja ifike kahawia imeshaungua na itakuwa chungu. Ikipoa ndipo utie sukari ya kusaga, nazi kavu iliyokunwa, tangawizi kavu kijiko kimoja, na ajwain kidogo, zile mbegu ndogo za kiungo. Unajua kwa nini tangawizi na ajwain? Ni vitu anavyolishwa mzazi. Majirani zangu Waswahili humpa mzazi uji wa pilipili manga, sisi tunampa hivyo. Usiku ule kuna mama amejifungua, na chakula chake lazima kiwepo. Juu weka jani la tulsi, yaani mrehani wa ibada, bila hilo hatumpelekei Krishna chakula.

Watoto walaze mapema, uwaamshe saa sita kasoro dakika kumi. Watalia kidogo. Waamshe tu.

Dada wa Muheza

Shikamooni. Mimi ni Mkristo, Mbondei, naomba na mimi niseme. Nimefanya kazi za ndani miaka kumi na moja Dar es Salaam, Upanga, katika nyumba mbili za Wahindu.

Nyumba ya kwanza siku ya Janmashtami niliambiwa nisikanyage upande wenye chumba cha ibada. Sikuelezwa sababu. Nilikaa jikoni nikamenya viazi vya watu kumi na wanane, nikasikia kengele, nikaletewa kisahani. Iliniuma, na nasema wazi kwa sababu najua wadada wengi wamepitia.

Nyumba ya pili kulikuwa na bibi, wote walimwita Ba. Siku ya kwanza alinikalisha chini akanieleza: mwanamke akiwa kwenye siku zake haingii chumba kile, si wewe tu, hata mimi nilipokuwa kijana, hata binti zangu. Ukiwa umeoga na si siku zako, ingia. Basi. Nikaelewa. Na usiku ule Ba alinihadithia kwa Kiswahili chake cha Kariakoo: mfalme Kansa aliambiwa kwamba mtoto wa nane wa dada yake Devaki ndiye atakayemuua, akamfunga Devaki na mumewe gerezani Mathura, akawa anaua kila kichanga. Wa nane alipozaliwa usiku wa mvua, walinzi wakapitiwa na usingizi, milango ikafunguka, baba akamtia kikapuni akavuka naye mto Yamuna mpaka Gokul, akamlaza kwa Yashoda. Mimi nikamwambia, Ba, hata sisi tuna Herode, mfalme aliyeua watoto wachanga. Akanishika mkono akasema, "Basi unajua kwa nini tunakesha."

Nilivuta ile kamba miaka saba. Binti Chumbageni, kama una dada wa kazi nyumbani, mweleze. Usimwache ajibunie mwenyewe.

Mzee wa Jinja

Naandika kutoka Leicester, Uingereza. Kiswahili changu ni cha Uganda, mnivumilie.

Mwaka 1972 nilikuwa na miaka tisa. Mwanzoni mwa Agosti Rais Idi Amin alitangaza Wahindi tutoke ndani ya siku 90, na Janmashtami ya mwaka ule ikaangukia humohumo, ndani ya zile siku. Baba alitaka tuiruke. Bibi akakataa. Tulifunga milango, tukashusha mapazia, kengele ikafungwa kitambaa ulimi wake usigonge. Bibi alimwogesha Thakorji, sanamu yetu ya Krishna, kwa maziwa ya kikombe kimoja, maana hatukutaka kuonekana dukani tukinunua mengi. Ilipofika saa sita usiku hakuna aliyeimba kwa sauti. Tulisogeza midomo tu. Nilikuwa nimeisikia hadithi ya gerezani kila mwaka, lakini ilikuwa hadithi. Usiku ule nikiwa nimekaa sakafuni gizani nikaielewa kwa mwili: walikuwa wanaogopa mtoto asilie.

Thakorji alisafiri ndani ya blauzi ya bibi, amefungwa kwa kipande cha kitenge. Leo yuko hapa kwenye kabati la sebule yangu. Wajukuu wangu hapa Leicester wanapiga kengele kwa nguvu zao zote, majirani Waingereza wameshazoea. Siwakatazi. Kile kitenge bado ndicho tunachomkaushia.

Kijana wa Iringa

Shikamoo mzee, nimesoma mara mbili.

Mimi si Mhindu, nilisoma Chennai, kusini mwa India, miaka mitatu na kupanga chumba kwa mama mmoja tuliyemwita Amma. Kule mambo tofauti kabisa na yenu. Kwanza tarehe: nyumba ya Amma ilifuata nyota ya Rohini, ambayo Krishna alizaliwa chini yake, kwa hiyo kuna mwaka jirani wa mkono wa kulia alisherehekea siku nyingine na wa kushoto siku nyingine, na hakuna aliyeona tabu. Pili, hawakungoja usiku wa manane, walifanya jioni.

Kilichonikaa moyoni ni nyayo. Amma alikoroga unga wa mchele na maji, akakunja ngumi, akachovya ubavu wake kwenye ule uji na kugonga sakafuni: unapata unyayo. Kisha ncha za vidole kwa ajili ya dole gumba na vidole vingine. Nyayo za mtoto wa mwaka mmoja, kutoka mlangoni, ukumbini, mpaka mbele ya picha ya Krishna. Aliniachia nichore kuanzia ngazi. Zangu zilitoka kubwa, akasema haidhuru, leo amekuja mkubwa kidogo. Siku nzima hakuna aliyezikanyaga.

Tahadhari moja kwa wapishi: wanakaanga vidonge vidogo vya unga wa mchele vinaitwa seedai. Hewa ikibaki ndani, vinapasuka kwenye mafuta kama risasi. Nilimsaidia mwaka wa kwanza nikaungua mkono, kovu ninalo. Kila kidonge toboa kwa sindano kabla ya kukitia kwenye karai.

Mkwe wa Lucknow

Nairobi, Ngara. Yangu fupi. Mama mkwe ametoka Uttar Pradesh, India, na kwao lazima liwepo tango lenye kikonyo chake. Saa sita kamili analikata kikonyo kwa sarafu. Huko ndiko kukata kitovu. Nilizalishwa watoto wangu wawili kwa upasuaji, sikuona lolote, nilikuwa nimelala. Kila mwaka tango lile likikatwa natokwa na machozi na sijui niwaelezeje watu.

Mama Makupa

Huna haja ya kueleza, mwanangu. Lia.

Binti Chumbageni

Jumapili, 17 Agosti. Nimeona nirudi niwape jibu kabla sijalala.

Panjiri ya kwanza niliiunguza, kwa sababu niliondoka kwenda kufungua mlango. Mama Makupa, ulinionya. Ya pili ikatoka vizuri. Alhamisi usiku nililaza jiko, na Ijumaa mume wangu alikunywa maji badala ya chai bila kunung'unika, nikamshukuru.

Nyayo tulichora, ingawa kwetu si desturi. Mwanangu wa miaka mitano alizichora zote kwa ngumi yake mwenyewe, kwa hiyo zilikuwa za kipimo hasa. Alilala saa tatu, nikamwamsha. Alilia kama ulivyosema. Alivuta kamba macho yakiwa yamefumba.

Mkono wangu ulitetemeka kwenye maziwa. Nilijikuta namkinga Lalji uso kwa kiganja, na sikumbuki kuamua kufanya hivyo.

Kuna jambo lingine. Kwenye kopo la bati la nguo zake nilikuta vazi jipya la hariri ya manjano, halijavaliwa, na sindano yenye uzi bado imechomekwa kwenye pindo. Mama alikuwa amelianza kwa ajili ya Agosti iliyopita. Zilibaki kama inchi mbili. Nilimalizia Jumamosi mchana, na mishono yangu inaonekana wazi pale yake inapoishia. Ndilo alilovaa jana.

Dada yetu wa kazi nilimweleza asubuhi, akakaa nasi mpaka mwisho. Ameniuliza kama mwakani anaweza kuleta maua ya kwao Lushoto.

Dada wa Muheza, panjiri yako nimeitia kwenye kopo la kahawa. Niandikie pembeni jina la kituo unachoshukia, nimpe kondakta wa basi la kesho asubuhi.